Nyumbani ni Wapi? Historia Fupi ya Shirikisho la Soka la Afrika kwa Jicho la Burundi

Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 2023 tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili kazi ya kuandika insha fupi juu ya tukio lililowafurahisha. Mmoja wao aliandika kuhusu mechi ya tarehe 16 Novemba, siku Burundi ilipoifunga Gambia mabao 3 kwa 2 katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2026. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Tulishinda nyumbani, Dar es Salaam." Tulichukua kalamu nyekundu, tukapiga mstari chini ya neno "nyumbani", na pembeni tukaandika: "Dar es Salaam si nyumbani kwa Warundi. Sema ugenini." Tukamkata alama mbili.

Siku ya kurudisha kazi, mwanafunzi huyo alikuja mezani kwa adabu zake zote. "Mwalimu, naomba radhi," alisema. "Kwenye ratiba sisi ndio tulikuwa wenyeji. Gambia ndio walikuwa wageni." Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwambia tutalitazama jambo hilo, naye akashukuru akaenda zake.

Makala haya ni matokeo ya kulitazama. Tunataka kuwaeleza wasomaji wetu, walimu na wanafunzi wa Kiswahili, jinsi Shirikisho la Soka la Afrika, yaani CAF, lilivyoanzishwa, linavyouongoza mchezo huu na kuueneza, na jinsi maamuzi yake yanavyofika mpaka katika daftari la mwanafunzi wa Bujumbura. Pengine msomaji atauliza: mpira unahusiana vipi na idara ya lugha? Jibu letu ni kwamba hakuna uwanja mwingine ambapo Kiswahili kinasemwa kwa sauti kubwa kiasi hicho, na ambapo neno moja kama "nyumbani" linaweza kuwa na thamani ya kikombe.

Neno lenyewe: shirikisho

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuanze na neno. "Shirikisho" limetokana na kitenzi "shiriki", chenye asili ya Kiarabu. Tukikipa kauli ya kutendesha tunapata "shirikisha", na kutoka hapo nomino "shirikisho": chombo cha kuwafanya wengi washiriki jambo moja. Halilingani na "chama". Chama huwa na wanachama ambao ni watu. Shirikisho la aina hii huwa na wanachama ambao wenyewe ni vyama. Ndiyo maana wenzetu wa Tanzania, ambao kwa muda mrefu walikuwa na Chama cha Mpira wa Miguu, walipobadilisha jina katika miaka ya 2000 walichagua neno "Shirikisho".

Ufupisho "CAF" nao una habari yake. Herufi hizo zimefuata mpangilio wa Kifaransa, si wa Kiingereza, ingawa waasisi wa chombo hicho walitoka Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini, nchi ambazo hakuna hata moja iliyotawaliwa kwa Kifaransa. Tutalirudia suala la lugha baadaye.

Khartoum, 1957

Hadi miaka ya mwanzo ya 1950, Afrika haikuwa na chombo chake cha soka. Nchi chache zilizokuwa wanachama wa FIFA zilikwenda kwenye mikutano Ulaya na kurudi. Mwezi Juni mwaka 1956, wakati wa mkutano mkuu wa FIFA mjini Lisbon, wajumbe kutoka Afrika walikutana wakakubaliana kuunda shirikisho. Tarehe 8 Februari 1957, mjini Khartoum, CAF ikazaliwa. Rais wake wa kwanza alikuwa Abdelaziz Abdallah Salem wa Misri.

Tuitazame tarehe hiyo kwa makini. Sudan ilikuwa imepata uhuru Januari 1956. Ghana ilikuwa bado, kwani uhuru wake ulikuja Machi 1957, wiki chache baada ya mkutano wa Khartoum. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuja kuundwa Mei 1963. Burundi yetu ilijitawala tarehe 1 Julai 1962. Kwa hiyo wanasoka walikaa meza moja kama Waafrika kabla ya wakuu wa nchi kufanya hivyo. Hatusemi hivi kwa majivuno ya kimichezo. Ni mpangilio wa tarehe tu, lakini ni mpangilio wenye mafunzo.

Katika mwezi huohuo na katika mji huohuo, Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa kwa mara ya kwanza. Timu zilikuwa zimepangwa nne, zikacheza tatu. Afrika Kusini ilitaka kuleta timu ya watu wa rangi moja, kama sheria za ubaguzi za nchi yake zilivyotaka. Wenzake wakakataa. Ethiopia, iliyokuwa icheze nayo, ikaingia fainali bila kupiga mpira, na huko ikafungwa na Misri mabao 4 kwa bila, yote manne yakitiwa wavuni na mchezaji mmoja, Ad-Diba.

Hapa ndipo tunapoona kazi ya kwanza ya uongozi wa CAF. Shirikisho lilikuwa na nchi nne tu, na kumwondoa mmoja ni kubaki na robo tatu. Lingeweza kusema kwamba mambo ya siasa yaachwe nje ya uwanja. Halikusema hivyo. Afrika Kusini ilikaa nje kwa zaidi ya miaka 30, ikarudi mwaka 1992, na mwaka 1996 ikalichukua Kombe la Mataifa katika ardhi yake, ikiwa na timu ya watu wa rangi zote. FIFA yenyewe iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961, miaka minne baada ya Khartoum, na kuifukuza kabisa mwaka 1976.

Nchi moja, kura moja

Msingi wa utawala wa CAF ni sahili: kila chama cha taifa kina kura moja katika Mkutano Mkuu. Nigeria yenye watu zaidi ya milioni 200 ina kura moja. Burundi ina kura moja. Visiwa vya Shelisheli vina kura moja. Leo vyama wanachama ni 54. Mkutano Mkuu humchagua rais na wajumbe wa Kamati ya Utendaji. Kamati ya Utendaji huamua mambo makubwa kati ya mkutano na mkutano. Sekretarieti, yenye makao yake Misri, hufanya kazi za kila siku. Na kamati ndogondogo hushughulikia waamuzi, nidhamu, rufaa, tiba, soka la wanawake na kadhalika.

Nguvu ya kura hizo ilidhihirika mapema. Kwa Kombe la Dunia la 1966 nchini Uingereza, FIFA ilitenga nafasi 16. Ulaya ilipewa 10. Afrika, Asia na Oshania, mabara matatu kwa pamoja, yaligawiwa nafasi moja tu, na mshindi wa Afrika alitakiwa apambane tena na mshindi wa upande ule mwingine. Ghana ya Kwame Nkrumah na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia walikuwa mstari wa mbele kulipinga jambo hilo. Timu 15 za Afrika zilijitoa katika mchujo. Uingereza ikaandaa Kombe lake, ikalichukua, na Afrika haikuwapo.

Je, kususa kulisaidia? Mashindano yaliyofuata, ya 1970 nchini Mexico, yaliipa Afrika nafasi kamili ya moja kwa moja, na Morocco ikaenda. Mwaka 1974 ikaenda Zaire, jirani zetu. Nafasi zikawa 2 mwaka 1982, 3 mwaka 1994, 5 mwaka 1998, na kwa Kombe la 2026 Afrika imetengewa nafasi 9 za moja kwa moja, pamoja na nafasi ya kujaribu bahati ya kumi. Tessema mwenyewe alikuwa rais wa CAF tangu 1972 hadi alipofariki mwaka 1987.

Hata hivyo, tusiandike historia kama tunaandika utenzi wa sifa. Kura moja kwa kila nchi humlinda mdogo, lakini pia humfanya atafutwe sana wakati wa uchaguzi na kusahaulika baadaye. Issa Hayatou wa Cameroon alikaa kitini tangu 1988 hadi 2017, miaka 29. Alipoondolewa mjini Addis Ababa tarehe 16 Machi 2017 kwa kura 34 dhidi ya 20, wengi walitarajia ukurasa mpya. Mrithi wake, Ahmad Ahmad wa Madagascar, hakumaliza salama: mwaka 2019 FIFA ilimtuma katibu wake mkuu kuisimamia CAF kwa miezi sita, na mwaka 2020 Ahmad akafungiwa kwa makosa ya maadili. Mwaka 2021 kiti kikachukuliwa na Patrice Motsepe wa Afrika Kusini, bila mpinzani. Nchi iliyoondolewa Khartoum kwa ubaguzi wake ikatoa rais.

Kuna kisa kingine cha mwaka 2017 ambacho sisi walimu wa Kiswahili tunapaswa kukijua. Katika mkutano uleule wa Addis Ababa, Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa 55. Visiwani watu walishangilia. Mwezi Julai mwaka huohuo, mjini Rabat, uanachama huo ukafutwa, kwa hoja kwamba CAF haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja inayotambulika kimataifa. Kisiwa cha Unguja, ambacho lahaja yake ndiyo msingi wa Kiswahili sanifu tunachofundisha, kilikuwa na kura barani kwa muda wa miezi minne tu.

Kanda na mipaka

Bara ni kubwa, kwa hiyo CAF hufanya kazi kwa kanda sita. Sisi tuko CECAFA, kanda ya Afrika Mashariki na Kati, ambayo historia ya mashindano yake ni ndefu kuliko ya CAF yenyewe. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya kutengeneza sabuni. Tanganyika iliingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Kombe hilo ndilo lililozaa Kombe la Chalenji tunalolijua.

Mipaka ya kanda hizi si mipaka ya lugha. Mtu akitoka Bujumbura, akapita Gatumba na kuvuka mpaka, atafika Uvira akiendelea na Kiswahili chake bila kubadilisha chochote isipokuwa lafudhi. Lakini kisoka ameshavuka kanda, kwa maana Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika kanda ya Afrika ya Kati. Kwa upande mwingine Sudan na Ethiopia, ambako Kiswahili si lugha ya watu, tumo nao chumba kimoja. Ramani ya mpira ina mantiki yake.

Burundi katika nyumba hii

Shirikisho letu la taifa, FFB, lilianzishwa mwaka 1948, enzi za Ubelgiji; kwa hiyo lina umri mkubwa kuliko CAF. Liliingia FIFA na CAF mwaka 1972. Tangu hapo, historia yetu barani inaweza kusimuliwa kwa matukio machache, na kila moja lina mkono wa CAF ndani yake.

Tukio la kwanza ni la Vital'O. CAF ilianzisha Kombe la Klabu Bingwa katika msimu wa 1964/65, kisha mwaka 1975 ikaongeza Kombe la Washindi, kwa klabu zilizochukua vikombe vya mataifa yao. Kombe hili la pili ndilo lililowapa nafasi wadogo. Mwaka 1987 Gor Mahia ya Nairobi ililichukua kwa kutoka sare mara mbili na Espérance ya Tunis, 2 kwa 2 ugenini na 1 kwa 1 nyumbani. Bao la ugenini likaamua. Mwaka 1992 ikawa zamu ya Vital'O ya Bujumbura kufika fainali. Mechi ya mkondo wa kwanza ilichezwa hapa mjini, ikaisha 1 kwa 1 dhidi ya Africa Sports ya Abidjan. Katika marudiano Abidjan ilishinda 4 kwa bila. Mwaka uliofuata Simba ya Dar es Salaam nayo ilifika fainali ya Kombe la CAF na ikafungwa na klabu nyingine ya Abidjan, Stella. Wazee wa Buyenzi waliokuwapo mwaka 1992 hawaanzi simulizi kwa yale mabao manne. Huanza kwa kusema: tulikuwa uwanjani.

Tukio la pili ni la mwaka 1993, timu ya taifa ilipokaribia kabisa kufuzu Kombe la Mataifa na ikatolewa na Guinea kwa mikwaju ya penalti. Oktoba mwaka huohuo nchi iliingia katika miaka ya maafa ambayo hatuna haja ya kuieleza hapa. Kila msomaji wetu anayo sehemu yake. Hata hivyo, mwaka 1995 vijana wa chini ya miaka 20 walifika fainali ya Afrika nchini Nigeria, wakafungwa na Cameroon, na kwa nafasi hiyo wakaenda Kombe la Dunia la Vijana nchini Qatar, katika kundi moja na Hispania, Japani na Chile. Vijana wa nchi iliyokuwa ikitajwa redioni kwa vita tu walitajwa, kwa majuma machache, kwa mpira.

Tukio la tatu ni la mwaka 2019. Mwaka 2017, mjini Rabat, CAF iliamua kuongeza timu za Kombe la Mataifa kutoka 16 hadi 24. Wako waliolalamika kwamba kiwango kitashuka. Sisi tuliona jambo jingine. Tarehe 23 Machi 2019, hapa Bujumbura, Intamba mu Rugamba ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Gabon, ikafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Madagascar na Mauritania nazo zilikuwa zikifuzu kwa mara ya kwanza. Kule Misri tulifungwa mechi zote tatu, na Nigeria, Madagascar na Guinea, na hatukupata bao hata moja. Madagascar ilifika robo fainali. Mlango ulikuwa uleule, walioingia hawakulingana.

Tukio la nne ni la wanawake. Lydia Nsekera, mzaliwa wa Bujumbura, aliiongoza FFB tangu 2004 hadi 2013. Mwaka 2012 aliingizwa katika Kamati ya Utendaji ya FIFA, na mwaka 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mjumbe wake kwa muhula kamili. Mwaka 2022 CAF ilipoongeza timu za Kombe la Mataifa la Wanawake kutoka 8 hadi 12, wasichana wetu walifuzu kwa mara ya kwanza, wakapangwa na Nigeria, Afrika Kusini na Botswana nchini Morocco. Walifungwa zote tatu. Lakini msichana wa shule anayecheza mpira mitaani sasa anajua kuwa jambo hilo lina mwisho mahali fulani.

Kwa hiyo, tukiulizwa CAF inaendelezaje mchezo, jibu la kwanza ni hili: huongeza milango. Michuano ya CHAN, iliyoanza 2009 kwa wachezaji wa ligi za ndani pekee, ilitupokea mwaka 2014. Jibu la pili ni fedha. Kuanzia msimu wa 2023/24 CAF iliamua kuzipa klabu za hatua za awali dola 50,000 kila moja. Kwa klabu kubwa za Cairo fedha hizo ni kidogo. Kwa klabu ya Bujumbura inayotafuta tiketi za ndege za watu 25 ni tofauti ya kwenda na kutokwenda.

Uwanja

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Kwa nini Burundi ilikuwa mwenyeji Dar es Salaam?

Tangu mwaka 2021 CAF imekaza ukaguzi wa viwanja vya mechi za kimataifa. Hukaguliwa nyasi, viti, taa, milango ya dharura, vyumba vya kubadilishia nguo, chumba cha tiba, mahali pa waandishi wa habari. Uwanja usiotimiza masharti hauruhusiwi, na timu husika hutakiwa kutafuta uwanja katika nchi nyingine. Uwanja wetu wa Intwari, ambao hadi 2019 uliitwa kwa jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore, uwanja uleule wa Vital'O na wa Gabon, ulikataliwa. Ndipo timu yetu ikawa ya kuhamahama: mara Dar es Salaam katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, mara Lilongwe.

Kisa cha Lilongwe kinafaa kutumiwa darasani. Tarehe 7 Juni 2024, katika Uwanja wa Bingu, Burundi ilicheza na Kenya, 1 kwa 1. Burundi ilikuwa nyumbani, Kenya ugenini. Tarehe 11 Juni, siku nne baadaye, katika uwanja uleule, Kenya ilicheza na Côte d'Ivoire, 0 kwa 0. Safari hii Kenya ilikuwa nyumbani, kwa kuwa nayo haikuwa na uwanja ulioidhinishwa. Wachezaji wa Kenya hawakuhama mji. Kilichohama ni neno.

Je, CAF inaonea? Tulijiuliza swali hili kwa uchungu, kwa sababu tunaoishi hapa tunaona gharama yake. Wauza maji na karanga mlangoni mwa uwanja hawakosi mechi tu, wanakosa chakula cha siku. Mtoto aliyeanza shule wakati uwanja unafungwa anamaliza miaka kadhaa ya masomo bila kuiona timu ya taifa kwa macho yake. Na timu inayocheza "nyumbani" mbele ya viti vitupu haina kile kitu ambacho neno hilo linaahidi.

Lakini tukumbuke upande wa pili. Tarehe 9 Mei 2001, katika uwanja wa Accra, watu 126 walikufa kwa kukanyagana baada ya mabomu ya machozi kurushwa. Januari 2022, katika uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, wengine 8 walikufa mlangoni wakati wa Kombe la Mataifa. Mlango wa dharura ambao mkaguzi anauandika katika fomu si urembo. Tena masharti hayachagui wadogo peke yao: Mei 2025 Simba ililazimika kucheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Berkane ya Morocco kisiwani Unguja badala ya Dar es Salaam, kwa sababu ya hali ya uwanja wa Mkapa.

Rai yetu ni kwamba sharti ni la haki, ila mzigo haugawiki kwa haki. Shirikisho ni chombo cha kushirikisha. Likimwambia mwanachama maskini kwamba uwanja wake haufai, na likaishia hapo, limefanya kazi ya mkaguzi. Kazi ya shirikisho huanza pale ukaguzi unapokwisha: kumsaidia kujenga. Nasi, kwa upande wetu, hatuna budi kukiri kwamba CAF haikuubomoa uwanja wetu. Miaka ya kutoutunza ilikuwa yetu.

Lugha ya mpira

Hapa ndipo idara yetu inapoingia uwanjani. Sikilizeni wanafunzi wakibishana juu ya mechi katika ua wa chuo. Mmoja atasema "arbitre" na "gardien", kwa kuwa alijifunza mpira kwa Kifaransa. Wa pili, aliyekua akisikiliza redio za Tanzania, atasema "refa" na "kipa". Wa tatu atasema kwa Kirundi "umunyezamu", na mwalimu wa Kiswahili atasikia ndani yake "zamu" yetu wenyewe: yule aliye zamu golini. Wote wanaelewana. Kwa Kirundi mchezo ni "umupira w'amaguru", kwa Kiswahili "mpira wa miguu". Wasomaji wa isimu linganishi watafurahi.

Kiswahili cha mpira kina utajiri wa visawe: kandanda, soka, kabumbu, gozi, dimba. Kina istilahi zilizobuniwa na watangazaji kabla ya kamati yoyote kukaa: mkondo wa kwanza, marudiano, kuotea, mpira wa adhabu, mshika kibendera, mlinda mlango, bao la kufutia machozi. Mtangazaji hana muda wa kufungua kamusi, mpira unakwenda. Akikosea, wasikilizaji humsahihisha kesho yake kijiweni. Hakuna maabara ya istilahi iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini nyaraka za CAF, zile kanuni zinazoamua uwanja wetu unafaa au haufai, hutufikia kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiarabu. Umoja wa Afrika uliifanya lugha yetu kuwa lugha rasmi ya kazi mwaka 2022. Mwaka 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN kwa pamoja, na mwaka 2023 zilikuwa zimekabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa la 2027 kwa ombi lililopewa jina la Kiswahili, "Pamoja". Jina limekubaliwa, kanuni bado hazijatafsiriwa. Tunapendekeza, bila mzaha, kwamba wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza wanaotafuta mada ya tafsiri waichukue kazi hii: kanuni za viwanja, za nidhamu na za leseni za klabu. Mjumbe wa klabu ya Ngozi au Rumonge akizisoma kwa lugha anayoimudu, atajua anachodaiwa kabla ya mkaguzi kufika.

Hitimisho

Tumeona kwamba CAF ilizaliwa na nchi nne zilizothubutu kumkataa mmoja wao kwa sababu ya haki. Kwamba kura moja kwa kila nchi ilifungua milango ya Kombe la Dunia. Kwamba chombo hichohicho kimepitia miaka ya uongozi usioridhisha. Na kwamba kuongeza kwake milango ndiko kulikoiwezesha Burundi kuonekana, ingawa masharti yake ya viwanja yametutoa nje ya mji wetu.

Tumeona pia kwamba "nyumbani" katika soka si jina la mahali. Ni hadhi inayotolewa na kanuni. Yanga ya Dar es Salaam iliijua maana hiyo kwa machungu mwaka 2023, ilipofungana mabao 2 kwa 2 kwa jumla na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho na kukosa kikombe kwa hesabu ya mabao ya ugenini, hesabu ileile iliyowapa Gor Mahia kikombe chao.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu aliandika sawa, na sisi tulisahihisha vibaya. Tulimwita, tukafuta mstari mwekundu, tukamrudishia alama zake mbili, tukamwomba radhi. Aliipokea insha yake kwa mikono miwili. Kisha akauliza swali ambalo hatujalijibu hadi leo, nasi tunawaachia wasomaji: "Mwalimu, sasa ile siku tutakayocheza hapa Intwari tutasema tuko wapi?"